Simu janja ya bibi iliyolala sandukuni

Simu ilinunuliwa Kariakoo mwezi Desemba, ikavalishwa kava la zambarau na kioo cha kuzuia mikwaruzo, ikapanda basi hadi Korogwe pamoja na sukari, sabuni na doti mbili za khanga. Watoto watatu walikuwa wamechanga. Nia ilikuwa njema: mama yao, mwenye miaka 71, awaone wajukuu wa mjini kwa video kila Jumapili. Mjukuu mmoja, wa miaka sita, alikuwa akiishi naye hukohuko kijijini, na mama mzazi wa mtoto huyo, anayefanya kazi ya zamu Dar es Salaam, ndiye aliyetoa mchango mkubwa kuliko wenzake.

Kitochi cha zamani kilionekana hakina kazi tena. Kaka mkubwa akamgawia kijana anayemsaidia bibi shambani.

Mwezi Machi, saa nane za usiku, mtoto alichemka homa. Bibi alimfunga mgongoni, akaenda kugonga kwa jirani aombe kupigiwa binti yake. Namba hakuwa nayo kichwani. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa kabati, na jirani alilazimika kurudi nyumbani kwa bibi na tochi ili ainakili. Bodaboda ikapatikana, mtoto akafika kituo cha afya, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dawa, akapona. Muda wote huo simu janja ilikuwa sandukuni, imeviringishwa ndani ya moja ya zile khanga mpya, haina chaji tangu Januari.

Binti aliyekuwa Dar es Salaam hakulala. Asubuhi, baada ya shikamoo na habari za mtoto, alimuuliza mama yake swali moja tu: mama, simu si unayo?

Jibu halikutoka siku hiyo. Lilitoka kidogo kidogo wakati wa Pasaka, walipokaa barazani wakichambua mboga. Simu ile ikiita, bibi alikuwa akiliona duara la kijani, akalibonyeza kama alivyozoea kubonyeza kitufe cha kijani. Haikupokea. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, akashikilia. Ikaendelea kuita hadi ikakata. Hakuna aliyemweleza kwamba duara lile halibonyezwi, linaburutwa kwenda juu. Wakati mwingine alifanikiwa kupokea, akaweka simu sikioni, shavu likagusa kioo, sauti ikazimika. Upande wa pili binti akawa anaita "haloo, haloo" peke yake. Baada ya wiki mbili za aibu akaanza kumpa mjukuu apokee. Mjukuu akagundua michezo. Bando likaisha, chaji ikaisha, na bibi, ambaye anajua thamani ya kitu cha gharama, akakihifadhi kitu cha gharama mahali pa vitu vya gharama.

Kisa cha aina hii kinasimuliwa katika nyumba nyingi, na mara nyingi hufungwa kwa maneno kwamba wazee na teknolojia haviendani. Ni jibu la haraka na lina uonevu ndani yake. Bibi huyu alitumia kitochi kwa zaidi ya miaka kumi. Alipokea pesa na kuzitoa kwa wakala. Alikuwa na utaratibu wake wa kubip: mara moja maana yake nipigie ukipata nafasi, mara mbili mfululizo maana yake nipigie sasa hivi. Mtu mwenye utaratibu huo hawezi kuambiwa hajui simu. Alichokosa ni simu iliyotengenezwa na mtu aliyemfikiria.

Kumfikiria mtumiaji ni kazi, na ina historia ndefu kuliko simu za mkononi zenyewe. Mpangilio wa namba ulio kwenye kitochi chochote, 1 ikiwa juu kushoto na 0 chini katikati, haukuja kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani walijaribisha watu mipangilio zaidi ya kumi ya vitufe: duara, mistari miwili, upinde, na hata ule wa mashine za hesabu wenye 7, 8 na 9 juu. Walipima nani anakosea, nani anachelewa, na mpangilio upi watu wanaupenda. Simu za vitufe zilipoanza kuuzwa mwaka 1963, zilikuwa na mistari ile tunayoijua. Nyota na alama ya reli ziliongezwa miaka michache baadaye, na leo ndizo zinazofungua huduma za pesa kila unapoandika *150*00#. Kadhalika ile nundu ndogo juu ya 5. Ukipapasa gizani, kidole kinaipata, na ukishaipata 5 namba nyingine zote unajua ziko wapi. Wapo wasioona wanaopiga simu kwa nundu hiyo tu. Kioo laini cha simu janja hakina nundu.

Tofauti kubwa iko hapo. Kitufe cha kitochi kina kingo, kinazama, kinatoa mlio, na kesho kitakuwa palepale kilipokuwa jana. Cha kijani hupokea, chekundu hukata. Kitufe cha simu janja ni picha tu. Hutokea, hujificha, huhama ukisasisha programu, na kinataka uguse kwa mguso fulani: usipoinua kidole mapema kinadhani unataka jambo jingine. Isitoshe, kioo chenyewe hutambua kidole kwa umeme hafifu unaopita kwenye ngozi. Vidole vikavu, vyenye sugu za jembe, mara nyingi havisikiki vizuri. Bibi wa Korogwe alikuwa akibonyeza kwa nguvu zaidi kila iliposhindikana, na nguvu ndiyo kitu pekee ambacho kioo kile hakipimi.

Simu ya kitochi iliyofanya vizuri kuliko zote ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu walianza nayo, au na ndugu zake. Inafaa kuitazama upya kwa jicho la mtu anayenunua, kwa sababu karibu kila kitu ndani yake kilikuwa jibu la tatizo la mtu fulani. Vitufe vyote vilikuwa kipande kimoja cha mpira, vumbi na jasho visipenye. Ubavuni iliwekwa mikwaruzo ili isiteleze mkononi. Juu kulikuwa na tochi, iliyowaka kwa kushikilia kitufe kimoja bila kuingia kwenye menyu yoyote. Chaji ilikaa siku kadhaa, jambo la msingi kwa anayelipia kuchaji kibandani. Betri yake, BL-5C, imeishi kuliko simu yenyewe: bado inauzwa madukani na inatumika kwenye redio ndogo za memori kadi. Na jina la "kitochi" limebaki kwenye simu zote za jamii hiyo, zikiwa na tochi nzuri au mbovu. Wakenya nao wakaziita mulika mwizi.

Wengi huona tochi kama mapambo ya nyongeza. Kwa familia isiyo na umeme ni sababu ya simu kuwa karibu na kitanda badala ya kuwa sandukuni, na simu iliyo karibu na kitanda ndiyo inayosikika ikiita usiku.

Lakini urahisi nao una mtego wake, na aliyenasa vizuri ni Motorola. Mwishoni mwa mwaka 2006 kampuni hiyo ilitoa Motofone F3, simu nyembamba iliyokusudiwa watu wa kipato kidogo na wasiojua kusoma. Ilikuwa na mambo ya kusifika: kioo kinachosomeka vizuri kwenye jua kali, kisichokula chaji, na sauti iliyomwongoza mtumiaji hatua kwa hatua. Tatizo lilikuwa kioo hichohicho. Kilionyesha mistari miwili ya herufi sita sita. Kusoma meseji ya kawaida kulikuwa kama kuchungulia barua kupitia tundu la ufunguo. Mtengenezaji aliamua kwamba maskini hahitaji sana meseji, wakati maskini ndiye aliyekuwa akiandika meseji kwa sababu ni nafuu kuliko kupiga. Kurahisisha bila kumuuliza mwenyewe anachokifanya kila siku humpunguzia kitu anachokihitaji.

Waliouliza walipata mambo yasiyotarajiwa. Nokia ilikuwa na mtafiti, Jan Chipchase, aliyezunguka nchi nyingi akitazama tu watu wanavyoishi na simu. Uganda alikuta watu wakitumiana pesa kwa vocha: mtu wa mjini ananunua vocha, anampigia mwenye kibanda cha simu kijijini na kumsomea namba zake; mwenye kibanda anazitumia, anakata chake, na kumpa ndugu wa kijijini fedha taslimu. Hakuna kampuni iliyobuni jambo hilo. Aliona pia simu moja ikitumiwa na nyumba nzima, wakati simu za wakati huo zilijengwa kana kwamba kila moja ina mwenyewe mmoja. Mwaka 2007 Nokia ikatoa simu za bei nafuu, 1200 na 1208, zenye vitabu kadhaa vya namba ndani ya simu moja na uwezo wa kufuatilia gharama ya kila simu, ili anayeazima aone alichotumia. Mwaka huohuo M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Hapo menyu ndogo ikabeba mzigo mkubwa. Huduma ya nyota na reli inafanya kazi kwenye simu yoyote, bila intaneti, lakini kila ukurasa wake una nafasi ya herufi 182 tu, na ukikawia kujibu inajifunga. Kwa kijana, sekunde hizo ni nyingi. Kwa mwenye miwani iliyoko chumba kingine ni chache mno. Ndiyo maana wazee wengi humkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri, au humtajia kijana yeyote aliye karibu. Ni kosa linaloonekana la uzembe, lakini mara nyingi limeanzia kwenye herufi ndogo na menyu isiyosubiri.

Nchi zenye wazee wengi zimelichukulia jambo hili kwa uzito. Japani, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, Fujitsu ilitengeneza simu ziitwazo Raku-Raku, zenye vitufe vitatu maalumu vya kupiga moja kwa moja kwa watu watatu, na uwezo wa kupunguza kasi ya maneno ya anayeongea upande wa pili. Sweden kuna kampuni ya Doro, ambayo baadhi ya simu zake zina kitufe cha dharura mgongoni: ukikishikilia, simu inawapigia ndugu uliowachagua mmoja baada ya mwingine. Si rahisi kuzipata madukani kwetu. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa na mwana au binti mwenye nusu saa na kitochi cha kawaida.

Ndivyo ilivyokuwa Korogwe. Jumamosi ya Pasaka binti na mama yake walikwenda mjini, safari hii bibi mwenyewe akachagua. Muuza duka aliweka simu nne mezani na kuanza kusifia kamera. Bibi hakuzitazama kamera. Alichukua moja moja, akafumba macho, akapapasa vitufe. Mbili zikarudishwa papo hapo kwa sababu vitufe vyake vilikuwa bapa, vimeungana bila mpaka, kidole hakijui kimetoka 4 kimeingia 5. Ya tatu ilikuwa na kioo kinachong'aa kizuri dukani, lakini walipotoka nayo mlangoni juani hakikusomeka. Ya nne ilikuwa na vitufe vilivyotuna, sauti kubwa na tundu la chaji pana ambalo ungeweza kulipata kwa kupapasa. Ikanunuliwa. Jaribio la kufumba macho halimo kwenye maelezo ya boksi lolote, na ni zuri kuliko maelezo yote ya boksi.

Kazi iliyobaki ilifanyika barazani. Simu ilikuwa na nafasi ya laini mbili, na kila ukipiga ilikuwa ikiuliza utumie laini ya kwanza au ya pili. Swali hilo dogo huwapoteza watu wengi: mtu anaona maandishi asiyoyategemea, anadhani ameharibu, anakata. Laini ya bibi ikawekwa ya kwanza, nafasi ya pili ikazimwa kwenye mipangilio, swali likatoweka. Lugha ikabadilishwa kuwa Kiswahili. Inashangaza ni simu ngapi za wazazi wetu zinabaki na menyu ya Kiingereza miaka mitano, wakati Kiswahili kimo ndani kinasubiri kuchaguliwa. Maandishi yakakuzwa. Mlio uliokuwa mwembamba ukabadilishwa kuwa mnene, kwa kuwa masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba. Bibi alijaribishwa milio sita akiwa jikoni, na aliousikia ndio uliobaki.

Kisha namba. Simu ilipohamishwa ilikuja na majina 140 yaliyokuwa kwenye laini, nusu yake hayajulikani ni ya nani: mafundi, wauza mahindi wa mwaka 2014, watu ambao bibi alisema wameshafariki. Aliachiwa yeye aamue. Akabakiza 11. Hakutaka kufuta jina la marehemu mumewe, na hakuna aliyemlazimisha. Kitufe cha 2 kikapewa namba ya binti, cha 3 kaka mkubwa, cha 4 jirani, cha 5 dereva wa bodaboda wa pale kijiweni. Ukishikilia kitufe, simu inapiga. Binti alimfundisha pia kwamba 112 huitika hata vitufe vikiwa vimefungwa.

Mafunzo yalichukua muda kuliko ilivyotarajiwa, na kosa lilikuwa la binti. Mwanzo alikuwa akiichukua simu, anabonyeza haraka haraka, anairudisha akisema, "Umeona mama?" Mama hakuwa ameona. Jioni kaka mdogo akapendekeza sheria: simu haitoki mkononi mwa mama. Anayefundisha anaweka mikono nyuma. Ikawa polepole, lakini ikakaa. Kijana wa kidato cha pili wa jirani, aliyekuwepo akisikiliza, akafundishwa sheria hiyohiyo, maana yeye ndiye atakayeitwa binti akiwa Dar es Salaam.

Suala la pesa lilileta ubishi wa kweli. Kaka mkubwa alitaka namba ya siri ya mama iwe kwa watoto wote watatu, kwa usalama. Binti alipinga: pesa ni za mama, na siku zikipotea kila mtu atamtazama mwenzake. Walifikia makubaliano ya nusu njia. Namba ya siri inabaki kwa mama peke yake, si mwaka wa kuzaliwa kwa mtu yeyote, na salio kwenye simu haliwekwi kubwa. Wanatuma kidogo kidogo, anatoa kwa wakala mmoja anayefahamika. Meseji yoyote inayosema ile pesa itume kwenye namba hii, hata ikitaja jina la mwanawe, hajibu chochote mpaka amesikia sauti ya mwanawe mwenyewe kwa kushikilia 2 au 3. Kaka hakuridhika sana. Bado wanabishana.

Simu janja haikutupwa wala kuuzwa. Ilitolewa sandukuni, ikafutwa programu zote isipokuwa ile ya video, ikawekwa juu ya kabati. Jumapili jioni kijana wa jirani anakuja, anaichaji, anaisimamisha kwenye kopo la chumvi, na bibi anazungumza na wajukuu akiwa ameketi, mikono huru, bila kugusa kitu. Kumwona mjukuu akiota meno kuna raha ambayo kitochi hakiwezi kuitoa, na bibi mwenyewe ndiye aliyekataa simu hiyo irudishwe mjini.

Kitochi kinaning'inia shingoni kwa kamba, usiku kiko chini ya mto. Wiki mbili baada ya Pasaka, saa kumi alfajiri, simu ya binti iliita akiwa kwenye zamu. Aliona jina la mama yake, akatoka nje mbio, moyo ukimdunda. Mtoto hajambo, bibi akamwambia, amelala. Alikuwa ameamka kuwasha moto, akataka tu kujua kama ile 2 bado inafanya kazi.